Laini Ishirini na Mbili

Imakulata Ngonyani alikuwa mpokea simu katika ofisi kuu ya shamba moja la mkonge nje kidogo ya Pongwe. Baba yake alifika pale kutoka Songea kukata mkonge, naye akazaliwa kwenye nyumba za kambi, akasoma, akapewa chumba cha swichibodi, mashine ya kuunganishia simu, akiwa na miaka ishirini na minne. Sasa alikuwa na hamsini na moja.

Jumatatu asubuhi aliingia fundi mmoja na boksi la waya wa bluu na mfuko wa plagi za plastiki.

"Shikamoo mama. Naitwa Luqmani, nimetoka mjini kuweka mtandao. Nimeambiwa wewe ndiye unayezijua laini za simu."

"Marahaba. Ziko ishirini na mbili."

"Zimeandikwa mahali?"

"Hapana. Ninazo kichwani."

Wakazunguka chumba hadi chumba. Imakulata alionyesha kidole, akataja laini inatoka wapi na inakwenda wapi, Luqmani akaandika namba kwenye utepe na kuubandika ukutani. Kisha alikata plagi ndogo ya zamani, yenye nyaya nne, na mahali pake akavuta waya mpya. Alizipanga nyaya nane kwa rangi, akazisukuma ndani ya plagi pana, akaibana kwa koleo.

"Simu na kompyuta vyote vitapita humu," alisema.

"Hii ndogo haiingii kwenye tundu jipya?"

"Inaingia, mama, ila inalegea, na inapinda vile visindano vya pembeni ndani ya tundu. Ndiyo maana tunazitoa zote."

Saa sita walirudi kwenye chumba cha swichibodi. Luqmani akakunjua ramani ya ofisi juu ya meza. Imakulata alikiona chumba chake, akatafuta meza yake.

"Mimi nimewekwa wapi hapa?"

Luqmani alifuata mistari ya ramani kwa kidole.

"Hapa wameandika stoo ya vifaa, mama. Simu zitakuwa zinaingia moja kwa moja kwa mwenye meza." Akainua macho. "Hawakukwambia?"

"Hawajaniambia."

Imakulata aliinamia ramani. Aliona tu kwamba neno stoo limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko mengine.

Luqmani alipunguza sauti. "Zimebaki laini tisa. Ukinyamaza, nitawaambia sizipati. Watalazimika kukubakisha."

"Una kipimo cha nyaya kwenye begi. Utazitafuta siku mbili, utazipata."

"Siku mbili si haba, mama."

Simu ikaita. Imakulata akavaa vifaa vya masikioni, akasema, "Ofisi kuu, habari za mchana," kwa sauti yake ya kila siku, akamuunganisha mtu wa vipuri na karakana. Alipomaliza alisimama.

"Twende. Inayofuata iko kwa mhasibu, nyuma ya kabati."

Saa tisa meneja alimwita. Alimpa barua, akamshukuru kwa miaka yote, akamwonyesha pa kusaini. Imakulata akasaini.

"Una swali lolote?"

Alifikiri. "Laini ya zahanati isikatwe mpaka jioni. Daktari anasubiri simu kutoka hospitali ya Bombo."

"Nitamwambia fundi," meneja alisema.

Nyumbani alimkuta mumewe, Manase, mstaafu wa kiwandani, ameketi barazani akipukuchua maharage kwenye ungo.

"Wameniachisha kazi," alimwambia, akavua viatu.

Manase akaacha mkono juu ya ungo. "Lini?"

"Leo. Nimeona kwenye ramani ya fundi, halafu nikapewa barua."

"Fundi wa nini?"

"Wa mtandao. Nilikuwa namwonyesha laini."

"Baada ya kuiona hiyo ramani uliendelea kumwonyesha?"

"Zote."

"Kwa nini, mama Precious?"

Imakulata alitafuta jibu. Alilitafuta kweli, kama mtu anayepapasa mfukoni.

"Sijui. Aliniuliza."

Manase aliinamisha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kilio. Imakulata alimtazama kidogo. Kisha akaketi kando yake, akauvuta ungo taratibu, akaendelea na maharage pale mumewe alipoachia.