Jiwe la Shripati

Mpaka rangi wa manispaa hakuzunguka. Alipoufikia mkokoteni wa Shripati aliendelea na mstari wake moja kwa moja: akapaka lami, akapaka gurudumu, akatokea upande wa pili na kuendelea na lami. Shripati alikuwa ameinamia sari ya watu, pasi ya mkaa mkononi, na hariri haisubiri. Alipomaliza kuikunja ndipo akauliza.

"Ndugu, mstari huu wa nini?"

"Maegesho. Gari mbili."

"Na mimi?"

"Mimi napaka tu, mzee. Waulize walioninunulia rangi."

Waliomnunulia rangi Shripati aliwajua mpaka vifungo vya mashati yao. Tangu ujana alisimama pale ukutani, Mtaa wa Bakul, akiwanyooshea nguo wakazi wa maghorofa. Leseni hakuwa nayo, alikuwa na mazoea tu. Kila mtaa una mpiga pasi wake, na mpiga pasi haingii mtaa wa mwenzake. Akithubutu watamvunjia mkokoteni, na yeye mwenyewe angewavunjia wao. Akiondolewa pale ukutani, kazi imekwisha.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba matengenezo yale aliyaomba kwa kinywa chake. Magari yaliyokwepa foleni ya barabara kuu yalikuwa yakipita mtaani kwa kasi ya wazimu, na moja lilimgonga mkewe, Kondabai, alipokuwa akipeleka furushi la nguo. Likamvunja nyonga na halikusimama. Mwenyekiti wa chama cha wakazi, Bwana Paranjpe, wakili mstaafu ambaye sauti yake haikustaafu, alimpeleka Shripati kwenye mkutano wa manispaa na kumsimamisha mbele. "Waeleze kuhusu mkeo." Akaeleza mpaka akalia. Manispaa ikakubali: matuta, barabara nyembamba, njia pana ya waenda kwa miguu. Wakazi walifurahi, hadi walipoona kwamba njia hiyo pana imekula mahali walipokuwa wakiegesha magari. Ukaitishwa mkutano mwingine, na huo Shripati hakuitwa.

Jioni ile alimwendea Paranjpe. Akasimama mlangoni, viatu ameviacha chini ya ngazi.

"Bwana, nitasogea. Niwekeni hata kwenye njia ya miguu."

"Hiyo ni ya waenda kwa miguu, Shripati. Si wewe uliyeiomba?"

"Basi barabarani."

"Barabarani ni pa magari."

"Mkokoteni nao una magurudumu, bwana."

Paranjpe akacheka, tena kwa dhati kabisa, akamwita mkewe aje asikie. Kisha akasema shati lake la bluu lilirudi na mkunjo kwenye kola.

Aliyemtia wazo ni Baban, dereva wa bajaji, ambaye mchana hupumzika pale ukutani.

"Weka mungu," alisema Baban, akitema tambuu. "Nionyeshe injinia mmoja wa mji huu aliyewahi kumbomoa mungu. Barabara nzima itapinda."

"Nidanganye kwa jina la Hanuman?"

"Umdanganye nani? Wewe weka, unyamaze. Kuomba wataomba wenyewe. Kwani huwajui watu wa mtaa huu?"

Shripati hakutaka. Alimwogopa kweli Hanuman, mungu mwenye sura ya nyani; kila Jumamosi alifunga kula kwa ajili yake. Lakini Kondabai alikuwa kitandani, na mwenye kuleta chakula nyumba nzima alikuwa yeye peke yake. Alfajiri aliokota jiwe kwenye kifusi cha manispaa yenyewe, akalipaka mafuta na rangi nyekundu ya sinduri, akaliegemeza ukutani karibu na mkokoteni na kuliwekea maua ya manjano. Kisha akaliomba radhi.

Baban hakukosea. Mama mmoja wa ghorofani akaleta mafuta, mwingine taa, mwingine nazi. Mafundi wakaja na mashine ya kuvunjia, wakaliona, wakavua kofia zao ngumu na kukaa kunywa chai. Injinia, binti mwenye adabu aitwaye Mrunal, alipima, akakuna kichwa, akasema atachora upya. Siku hizo Shripati alipiga pasi huku akiimba, jambo ambalo hakulifanya tangu Kondabai agongwe.

Mchoro mpya aliuleta injinia mwenyewe, akiwa na Paranjpe na wanaume wenye kamba. Mungu amepewa jukwaa la vigae na uzio wa chuma. Pembeni yake, maegesho ya gari mbili, kama awali.

"Na mkokoteni?"

Mrunal akatazama chini. Aliyejibu ni Paranjpe.

"Moshi wa mkaa mbele ya Hanuman, Shripati? Na nguo za watu? Akina mama wanalalamika."

"Zinakuja zimefuliwa, bwana."

"Zimevaliwa. Na wewe unajua tabaka lenu ni la watu wa kazi gani. Usinilazimishe niseme."

Shripati akalinyooshea jiwe kidole.

"Bwana, jiwe hilo nililiweka mimi. Nililiokota kwenye kifusi."

Akina mama waliokuwa na sahani za sadaka wakageuka. Baban akawasha bajaji yake na kuondoka. Paranjpe akasogea karibu, akashusha sauti, karibu kwa upole.

"Usirudie hayo. Watu hawa watakupiga, na mimi sitawazuia. Hanuman alitaka kuja, akatumia mikono yako. Shukuru."

Shripati akashukuru. Alisema kabisa, nashukuru, bwana, na akajichukia papo hapo. Walipoupakia mkokoteni kwenye lori, pasi ilianguka na mkaa ukamwagika kwenye lami, nao wakaumwagia maji.

Nyumbani Kondabai aliuliza kama magari sasa yanapita taratibu.

"Taratibu sana," akamwambia.

Hakuweza kumweleza zaidi, kwa hiyo asubuhi alitoka kama mwenye kazi. Akaenda kuchuchumaa pale pale, kando ya uzio, mikono mitupu. Gari jeupe likaja, likapanda tuta polepole, likaingia kwenye maegesho. Kijana akashuka, akavua viatu, akamwinamia mungu, akavivaa tena. Ndipo akamwona.

"Mzee, uko hapa mpaka jioni?"

"Nipo."

"Basi niangalizie gari. Na usimame kidogo, mama apate kufungua mlango."

Shripati akasimama. Nyuma uzio, mbele gari; akageuka kiubavu na kubana pumzi mpaka mama yule aliposhuka.