Kilomita Zote za Kuzunguka Meza

Kama yupo mtu aliyetembea sana bila kufika popote, basi ni Gurudumu. Siku sita kwa wiki, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa miaka sita mfululizo, alikuwa akizunguka meza. Meza yenyewe haikuwa ya maana: ubao mnene uliotobolewa na misumari, una madoa ya gundi na kalibu za mbao zenye umbo la mguu, za kila saizi, umekaa katikati ya karakana ya mjomba wake. Mjomba alishona viatu, Gurudumu alitembea. Ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Usicheke kwanza. Buti mpya ya kutembelea milimani ni ngumu kama karani aliyeambiwa afungue dirisha dakika tano kabla ya muda. Ukiivaa hivyo hivyo ukaenda nayo safari ya siku arobaini, siku ya pili visigino vinatoa malengelenge, siku ya nne unamlilia mama yako aliyekuonya. Kwa hiyo wenye akili waliagiza buti kwa mjomba, mjomba akazishona, kisha Gurudumu akazivaa wiki mbili mpaka ngozi ilainike na kukubali kwamba ndani yake atakaa binadamu. Saizi yake ilikuwa arobaini na mbili. Buti kubwa zaidi alizijaza soksi. Wenye miguu midogo waliombwa radhi.

Watembeaji ni watu wenye adabu. Wakimaliza njia zao hutuma kadi ya posta, na ukuta wa karakana ulikuwa umejaa kadi hizo. Kulikuwa na njia ya mahujaji inayokatiza mashamba ya mizabibu kwa siku arobaini. Kulikuwa na njia ya jangwani, ambako maji unayobeba ni mazito kuliko chakula. Kulikuwa na njia ya pwani ambako unasubiri bahari ikupwe ndipo upite, na nyingine ndefu kiasi kwamba watu huianza theluji ikiyeyuka na kuimaliza theluji nyingine ikianza. Gurudumu alizijua kadi zote kwa moyo. Buti alizolainisha yeye zilikuwa zimeiona dunia. Yeye alikuwa amekiona kituo cha mwisho cha basi, tena kwa sababu alipitiwa na usingizi.

Na miguu ilikuwa inamwasha. Mezani nyumbani ilichezacheza mpaka mama yake akafoka, "Kaa kitako wewe, unanimwagia chai!" Kinyozi alishamkata sikio mara mbili. Kwenye foleni ya benki alikuwa akienda na kurudi, mpaka mlinzi akaanza kumfuata. Kila msimu ulipofika alimwambia mjomba, "Mwaka huu naenda na mimi," na kila msimu mjomba alijibu bila kuinua kichwa, uzi ukiwa kati ya meno:

"Mtembezi hula miguuye."

"Kwenda bure si sawa na kukaa bure, mjomba. Huenda nikaokota."

"Ziokote soksi zako kwanza, zimezagaa hapo."

Mchezo ukaishia hapo, Gurudumu akaendelea kuzunguka.

Basi, Jumanne moja akaingia nesi mstaafu, mteja wa zamani. Mwanamke mfupi, mwenye nyayo kubwa, wala hakuona haya nazo. "Mungu aliniwekea msingi wa ghorofa," alikuwa akisema, "ghorofa lenyewe akasahau." Mwaka uliopita alikuwa ameimaliza ile njia ya mahujaji. Sasa alishika buti zake kuukuu mkono mmoja, na mkono wa pili karatasi yenye muhuri.

"Fundi, nina habari mbili," alisema, akajikalia juu ya rundo la ngozi. "Hiki ni kibali. Njia ya maziwa na milima, wiki tano, naanza Jumatatu. Lakini ni cha watu wawili. Peke yako hawakuruhusu, maana huko simu ni pambo. Na shemeji yangu niliyekuwa niende naye amevunjika kifundo cha mguu."

"Pole. Mlimani?"

"Mlima gani! Kwenye ngazi za nyumbani kwake, anashuka kufuata gazeti. Sasa ofisi ya vibali inakubali kubadilisha jina mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo, kibali kimekufa, na zamu nyingine ni baada ya miaka mitatu." Akamgeukia Gurudumu. "Wewe unayezunguka kama nzi kwenye chupa, utakwenda?"

Hapo ndipo Gurudumu aliposimama. Karakana nzima ikanyamaza. Hata mjomba aliinua kichwa, maana masikio yake hayakuzoea kukaa bila zile hatua.

"Nitakwenda," alisema Gurudumu.

"Haendi," alisema mjomba. "Jozi kumi na moja zinasubiri hapo rafuni. Nani atazilainisha, paka?"

"Mjomba, miaka sita!"

"Na mimi nimekaa kwenye kigoda hiki miaka thelathini. Umenisikia nikipiga kelele?"

Gurudumu akaanza tena kuzunguka, safari hii kwa kasi, mpaka misumari ikawa inaruka mezani. Nesi akamwangalia mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaziangalia buti zake mkononi, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

"Habari ya pili, fundi. Hizi buti zina tabia."

"Tabia gani?"

"Zinapenda kushoto. Siku arobaini zimenivuta kushoto. Nimetumbukia mtaroni mara tatu, mara zote kushoto. Nikadhani nimepata kiharusi kidogo. Niliporudi nikapigwa picha ya kichwa, fundi! Kichwa kizima. Ndipo nikaanza kushuku miguu."

Mjomba alizichukua kwa hasira ya fundi aliyetukanwa. Akazigeuza, akazisimamisha mezani, akachutama mpaka macho yakawa sawa na visigino. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akaenda rafuni, akazileta zile jozi ambazo Gurudumu alikuwa ameanza kuzilainisha, akazipanga mstari. Zote zilikuwa zimeinama kushoto kidogo, kama wazee wanaosikiliza siri.

"Wewe," alisema polepole, "kwa nini unazunguka upande mmoja?"

"Upande upi?"

"Huo! Kila siku mkono wako wa kushoto ndio uko mezani!"

Gurudumu alitazama mkono wake kana kwamba umefungwa hapo asubuhi ile. "Siku ya kwanza kigoda chako kiliziba upande mmoja, nikapita wa pili. Uliniambia nizunguke meza, mjomba. Hukuniambia nizungukeje."

Mjomba alivaa miwani, akaenda ukutani, akaanza kusoma kadi kwa sauti, moja baada ya nyingine. "'Tulipotea kidogo siku ya tatu, lakini tukaona ziwa zuri ajabu.' 'Tumefika kijiji kisichokuwa kwenye ramani, watu wakarimu sana.' 'Tulipotea.' 'Tulipotea tena.'" Aliivua miwani. "Na mimi nikawa nasema, jamani, hawa watu wanapenda vituko!"

Nesi alicheka mpaka akateleza kwenye rundo la ngozi. Mjomba hakucheka. Jina lake lilikuwa limegongwa kwenye kila soli, na soli hizo zilikuwa zimewapeleka watu mitaroni katika mabara yote.

"Geuza," aliamuru. "Zunguka kulia."

Gurudumu akageuza. Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Wa pili, bega likagonga mlango. Wa tatu, ukuta ukaanza kutembea badala yake, akaangukia kopo la gundi. Jumatano alijaribu tena, akaishia kukaa chini ameshika kichwa. Alhamisi alijaribu akiwa amefumba macho, na hilo sitalisimulia kwa heshima ya dirisha. Miguu ilikuwa imesoma somo moja tu, tena ililisoma ikaiva. Na huku saa ya ukutani inakwenda kulia bila shida yoyote, kama inamsuta.

Ijumaa asubuhi Gurudumu hakuweza hata kunywa chai. Alikwenda mlangoni, akarudi. Akachungulia saa, akaenda mlangoni. Saa nne. Saa tano. Mjomba alikaa kwenye kigoda na buti moja mapajani, hashoni. Saa tano na nusu akaiweka chini.

"Buti iliyopinda haiponi kwa kupindwa upande wa pili," alisema. "Inataka njia iliyonyooka. Na wewe pia umepinda, mpwa wangu, na aliyekupinda ni mimi. Nenda."

"Na zile jozi kumi na moja?"

"Nitazivaa mimi. Toka hapa hadi sokoni ni moja kwa moja, hakuna kona hata moja. Nimekaa miaka thelathini, makalio yamefanana na kigoda. Nenda, saa sita haikusubiri!"

Gurudumu alitoka mbio. Kwenye njia panda ya kwanza alijikuta anakata kushoto, akarudi. Ya pili, kushoto tena, nusura aangushe mizani ya muuza mkaa.

"We kaka, una kichaa?"

"Si mimi, ni buti!"

Akazivua, akazifunga kamba, akazitupia begani, akakimbia na soksi, akijiambia kila kona, "Kulia, kulia, kulia," watu wakimpisha kama gari la zimamoto. Alifika kwenye dirisha la ofisi ya vibali saa sita kasoro dakika nne. Nesi alikuwa hapo, ameweka kiwiko kwenye kidirisha ili kisifungwe.

Karani aliandika jina bila haraka. Kisha akachungulia chini.

"Unakwenda kutembea wiki tano. Viatu viko wapi?"

"Vinapotea njia," alisema Gurudumu, akihema.

Jumamosi na Jumapili mjomba alimshonea jozi mpya, na buti za nesi akazibadilisha soli. Jumatatu njia ilianza kwenye nguzo ya mbao iliyopakwa mstari mweupe, ikanyooka mbele kupita macho yanapoishia. Hatua ya ishirini, mwili wa Gurudumu ulitaka kukunja. Nesi alikuwa ameshajipanga ubavuni mwake, upande wa kushoto, kama ukuta.

"Mbele, mwanangu."

"Meza iko wapi?"

"Hakuna meza. Mbele."

Siku ya tatu walifika kwenye kibanda cha wasafiri chenye sanduku la posta. Nesi alikuwa amemfunga bandeji visigino vyote viwili, maana malengelenge hayakumsahau hata yeye. Alichagua kadi yenye picha ya ziwa, akaandika akiwa amesimama, kwa kuwa kukaa bado kulimshinda: "Mjomba, hatujapotea hata mara moja. Lakini visigino vinawaka moto. Nani alizilainisha buti hizi?"

Akaitumbukiza. Nesi alikuwa bado anafunga kamba za viatu.

"Ngoja basi, nawe!"

Gurudumu hakuweza kungoja. Akamzunguka mara moja, kwa mazoea, kushoto, kisha akaishika njia.