Pumzi ya Kuvuta

Jumamosi mchana fundi cherehani alikuwa uani akifua ovaroli la mumewe. Alilikung'uta kwanza, akalipiga ukutani, akalikung'uta tena, maana saruji ikikutana na maji kabla haijatoka, nguo hugeuka ubao. Katika mfuko wa kifuani akakuta kinanda cha mdomo, kipya kabisa, kimefungwa kwenye leso.

"Hiki nini?"

"Harmonika," mume akajibu kutoka kibarazani. "Tumegawiwa kazini. Wote wa chumba cha kupakia saruji."

"Mmegawiwa? Na kiwanda kilekile?"

"Nesi anasema inapanua mapafu."

Mke akakigeuzageuza kile kinanda mkononi. Wapakiaji walikiomba kiwanda hicho feni za kufyonza vumbi mpaka wakachoka, wakaambiwa wavute subira. Walipoomba vitambaa vya kuziba pua, yeye ndiye aliyewashonea, kwa mabaki ya mashuka. Leo kimeamka na huruma ya muziki! Machale yakamcheza.

Mume akaendelea kumsimulia tangazo alilobandika nesi mlangoni. Harmonika hupanua kifua. Hutuliza mawazo, humletea mtu usingizi mnono, na hujenga umoja kazini. Mwisho wa mwezi kila mpakiaji atapimwa nayo: atapuliza sauti moja ndefu, kisha ataivuta. Atakayekohoa atapumzishwa.

"Kama Honi," mke akasema.

Honi alikuwa rafiki wa mumewe, mtu wa kucheka kwa sauti ya lori. Alipumzishwa mwaka uliopita kwa ajili ya kifua, hakuitwa tena, na alipokufa kiwanda kilituma watu kueleza kuwa yale yalikuwa maradhi ya kurithi. Mke alikuwepo hapo msibani. Aliwasikiliza hao watu mpaka mwisho na hakuwaamini hata neno moja.

Tangu siku hiyo mume akawa anajifungia bafuni kila jioni kujizoeza. Kupuliza alijitahidi. Kuvuta ndiko kulikomshinda, kwa sababu kila akivuta kikohozi kilimkunja mpaka akashika ndoo. Mke alishona huku akisikiliza, akakosea mishono.

Kisha jioni moja pumzi ya kuvuta ikatoka safi, ndefu, tamu. Mke akasimamisha cherehani. Alikifahamu kifua cha mumewe kama anavyoifahamu mashine yake, na pumzi ile haikuwa ya mumewe. Mle ndani kulikuwa na mtu wa pili. Damu ikamchemka. Akachukua mkasi, akausukuma mlango akitarajia mwanamke.

Alikuwa Honi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya ovaroli lake la zamani, mdomo wake ukiwa upande wa pili wa harmonika. Mume alipuliza, Honi akavuta. Sakafu chini yao ilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Karibu, shemeji," Honi akasema.

"Ahsante. Kumbe ni wewe. Nilidhani mambo mengine."

"Naona umekuja na mkasi."

Mke akauweka kando ya sabuni. "Shemeji, unamvutia pumzi ili iweje?"

"Apasi kipimo."

"Akipasi anarudi kwenye vumbi hilohilo lililokuua."

"Na asipopasi anarudi nyumbani kama mimi. Uliona nilivyopumzika."

Mke akatoka, akaubamiza mlango. Aliwachukia wote kwa pamoja, mume, marehemu na nesi. Baadaye, akifagia lile vumbi, wazo likamjia, akarudi kumkabili mumewe.

"Siku ya kipimo kohoeni wote. Asibaki hata mmoja. Mtu mmoja watasema karithi. Chumba kizima watasema kimerithi kwa nani? Itabidi walete hizo feni."

Mume alikubali. Alizungumza na wenzake mmoja mmoja, nyuma ya magunia, na kila mmoja akaapa kuwa atakohoa mpaka nesi azibe masikio. Walishikana mikono. Halafu kila mmoja akaenda nyumbani akimtilia shaka mwenzake. Huyu ana watoto wengi, atatusaliti. Yule juzi alikuwa anacheka na msimamizi. Na mimi nitakohoa peke yangu kama mjinga?

Siku ya kipimo mke aliacha kazi za watu mezani, akasubiri kibarazani. Mume alirudi mchana, Honi nyuma yake.

"Mmekohoa?"

Mume akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nasubiri aanze mwingine."

"Na mwingine?"

"Naye amekuja na wake."

Kila mpakiaji, kwa tahadhari tu, alikuwa amekuja na marehemu wake. Mmoja alimleta kaka, mmoja baba, mmoja jirani aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine ileile. Chumba cha nesi kilijaa mpaka akawaomba marehemu wasogee ukutani ili wapimwaji wapate hewa. Harmonika zilipigwa moja baada ya nyingine, na hakusikika hata mtu wa kusafisha koo. Nesi alifurahi kwa dhati. Msimamizi naye akatangaza kuwa suala la feni limefungwa, maana chumba chenye vifua vya namna ile hakina vumbi la kumdhuru mtu.

Mke alilia waziwazi, bila kujifunika uso. Mume alitaka kumshika bega, mke akauondoa mkono huo.

"Na wewe, shemeji," akamgeukia Honi, "kazi yako imekwisha. Rudi ukapumzike."

Honi akajikuna shingo. "Na mimi nimepangiwa zamu. Sote tumepangiwa. Nesi kasema mapafu yetu hayana tatizo."

"Ukakubali?"

"Shemeji, sijashika kazi tangu nizikwe."

Jumatatu waliondoka pamoja. Honi alitangulia, kwa sababu yeye hakuchoka. Mume alisimama kila baada ya nyumba chache, akashika ukuta, na Honi akarudi kumvutia pumzi, kisha wakaendelea.