Nukta za Kahawia Katika Ubongo wa Mama

Mama yake Mashavu alianza kupotea angali hai. Alianza kwa kusahau chumvi kwenye mboga, akaja kusahau njia ya kisimani, mwisho akamsahau Mashavu mwenyewe, akawa anamwamkia shikamoo kama mgeni. Lakini akili ilipokuwa bado imo, alimwambia binti yake huyo, mtaalamu wa maabara Korogwe: "Nikifa, nitazameni kichwani. Huenda mkamsaidia mwingine."

Alipofariki, Mashavu alitimiza. Kipande cha ubongo kilitolewa, mwili ukazikwa kwao Handeni.

"Dada, umemzika mama nusu," Muhidini, mdogo wake, alimwambia makaburini mbele za watu. Tangu hapo akawa hapokei simu zake.

Mashavu hakulia. Alirudi kazini kama aliyetoka sokoni.

Mkuu wake, Dokta Rehani, alimuuliza kama kazi ya kukichunguza kipande kile aifanye mwingine. "Nitaifanya mimi," alijibu.

Akakata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akavilaza juu ya vioo, akavidondoshea kingamwili. Kingamwili ile hutafuta protini moja tu, ikaayo pale seli moja ya ubongo inapoipa nyingine habari. Ikiipata, huing'ang'ania, rangi ikitiwa, hapo hutokea nukta za kahawia.

Akainamia hadubini. Samawati tupu, bila nukta hata moja.

Basi mama alikwisha kabisa, aliwaza. Akashangaa kwamba wazo lile halimchomi popote.

"Umekitazama kioo cha kulinganishia?" Dokta Rehani aliuliza. Hicho kilikuwa na ubongo wa mtu aliyekufa na akili zake timamu.

Hakuwa amekitazama. Nacho kilikuwa samawati tupu.

"Kingamwili imeharibika, Mashavu. Umeme ulipokatika, friji ilipata joto. Si mama yako."

"Sawa," alisema, akaenda kuosha vyombo.

Chupa mpya ilipofika akarudia. Safari hii nukta zilitokea. Sehemu moja zilikuwa chache, kama mahindi ya mwaka wa ukame. Sehemu nyingine zilisongamana hata usione pa kupita. Alitazama mpaka shingo ikauma. Kisha akamwandikia Muhidini: "Njoo umwone mama."

Hakutegemea angekuja, lakini Muhidini alikuja. Akaweka jicho kwenye hadubini.

"Hivi vidoadoa ndiyo nini?"

"Pale seli zake zilipokuwa zikizungumza."

"Mimi nimo wapi humu?"

"Hilo hakuna awezaye kuliona, mdogo wangu."

"Ila hakuwa mtupu."

"Hakuwa."

Muhidini akalia, kichwa kikiwa bado kwenye hadubini. Mashavu alisimama kando na glavu zake mikononi, akingoja machozi yake mwenyewe. Hayakuja.

Muhidini aliomba kilichobaki kikazikwe. Dokta Rehani akakubali, ila vioo vibaki kwa utafiti. Wakakifunga kwenye kitambaa cheupe, wakaenda nacho Handeni, wakachimba kishimo ubavuni mwa kaburi.

"Anza wewe, dada," alisema Muhidini, akampa jembe.

Mashavu akafukia. Hakusikia lolote isipokuwa uzito wa udongo. Baadaye, nyumbani kwa Muhidini, waliandaliwa ugali na mlenda. Muhidini akamsogezea maji ya kunawa. Mashavu akanawa, akala, akaomba aongezewe.