Vifungo Upande wa Kiume

Mkaguzi wa picha alifika Jumanne saa nne asubuhi, akamkuta fundi cherehani akipunguza kiuno cha suruali ya mwalimu. Alibeba mkoba wa ngozi, tochi, kioo cha kukuzia na fomu mbili, moja ya akiba. Alipangusa viatu mara tatu mlangoni, akakataa chai kama wafanyavyo watu wa ofisi, kisha akaikubali. Alipoinua macho kuitazama picha iliyomleta, aliona kiti tu.

"Ametoka," alisema fundi bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Ameenda kununua uzi mweupe. Hachelewi."

Mkaguzi aliandika kwenye daftari kwamba mhusika hayupo, akaweka na saa. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka thelathini na moja, na kusubiri kulikuwa sehemu ya kazi. Alivuta kigoda akakaa.

Mhusika alikuwa mama mzazi wa fundi. Alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka ishirini na tisa, binti yake akiwa na tisa, akaacha cherehani, sanduku la nguo na hiyo picha, ambayo aliileta nyumbani mwenyewe imefungwa kwenye shuka, kutoka kwenye karakana ya mchoraji alikoajiriwa kusaga rangi. Wiki moja baada ya mazishi alitoka kwenye picha, akashuka ukutani asubuhi na mapema akamsuka binti yake nywele, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa. Shangazi mtu, aliyehamia pale kumlea mtoto, aliona kazi yake imepata mwenyewe, akafunga mizigo akarudi kwake.

Basi mama akalea. Alisimamia hesabu za shule, alifundisha kukata kola, alikaripia. Tofauti zilikuwa chache. Vikombe alivyoshika vilibaki na alama za rangi zisizotoka kwa sabuni. Kivuli chake kiliangukia upande wa kulia siku zote, hata jua likiwa upande huohuo. Alipokuwa hai alikuwa mtu wa mkono wa kulia, na sasa alifanya kila kitu kwa kushoto. Binti alidhani ni mambo ya kufa tu, akazoea. Na mgongo hakuwa nao. Alichorwa kwa mbele, kwa hiyo nyuma alikuwa turubai tupu, yenye nyuzi zake na doa la kutu la msumari. Fundi alipojua kushona vizuri, kitu cha kwanza kumshonea mama yake kilikuwa shali ya kujifunika huko nyuma.

Mwaka ambao fundi mwenyewe alitimiza miaka ishirini na tisa ulikuwa mtamu kuliko yote. Walilingana kila kitu, wakaazimana magauni, wakachekana mbele ya kioo, na wateja wakawa wanauliza nani mkubwa. Fundi aliukumbuka mwaka ule karibu kila siku. Kisha ukapita, naye akaendelea mbele peke yake, akaota mvi, akavaa miwani, na mama akabaki palepale. Majirani wapya walidhani ni mjukuu aliyekuja kumtunza bibi.

Sasa fundi alikuwa na miaka sitini na sita, hakujaliwa mtoto, na moyo ulikuwa umeanza kumdunda ovyo akipanda ngazi. Kifo chenyewe hakikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni kwamba siku akiondoka, mwenye nyumba angeleta watu wa kuondoa vitu chumbani, na picha isiyo na jina la mchoraji ingeishia kuziba dirisha la banda, mama aamke asubuhi akute kuku. Jumba la Picha lilitunza picha milele, pakavu, pasipo jua kali. Lakini Jumba halikupokea picha ya kila mtu. Lilipokea za Mkuu.

Mkuu ndiye mchoraji ambaye mama alimsagia rangi. Watu walimwita hivyo alipokuwa hai na wanamwita hivyo mpaka leo. Sura yake ilikuwa kwenye stempu na kwenye majalada ya madaftari ya shule. Fundi aliandika barua Jumba la Picha akaeleza mama alifanya kazi wapi, na ndiyo maana mkaguzi alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, akinywa chai.

Mkaguzi alianza na kiti, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. Alikimulika kwa tochi, akakisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, akakaa hivyo robo saa nzima.

"Mkono ni wake," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Hakuna mwingine aliyeweka njano chini ya kivuli namna hii. Nimeandika kitabu kizima juu ya mkono huu."

"Mkono mzuri, sikatai," fundi alisema. "Ila nguo hakuzijua. Mama akirudi mtazame kifuani. Vifungo vyote kaviweka upande wa kiume. Miaka yote hii hilo linanikera."

"Labda blauzi ndivyo ilivyoshonwa."

"Blauzi ninayo."

Alifungua sanduku, akaitoa, akaitandika kwenye meza ya kukatia. Ilikuwa nyeupe zamani. Vifungo vilikaa upande wa kushoto, kama inavyopasa blauzi ya mwanamke. Mkaguzi aliigeuza, akaikunja, akaikunjua, na furaha ikaanza kumtoka usoni.

Mama akaingia na uzi wake. Mkaguzi, mwenye mvi kichwa kizima, alisimama akamwamkia shikamoo, maana alikwisha piga hesabu ya miaka.

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha?"

"Ndimi, Mama. Kwanza, kama hutajali, nyuma."

Mama alivua shali akamgeuzia. Mkaguzi alikagua nyuzi, akapima doa la kutu kwa rula, akaandika, akashukuru. Kisha akamwomba arudi ukutani, akamtazama huko. Vifungo vilikuwa upande wa kulia. Jicho moja lilikuwa limebanwa kidogo. Fundi alilijua jicho hilo vizuri. Hata yeye hulibana hivyo akipima kitambaa kabla hajatia mkasi. Hakuwahi kujiuliza mtu anayechorwa anapima nini.

"Mama," alisema mkaguzi, "mle karakanani kulikuwa na kioo?"

"Kikubwa, cha mlango wa kabati. Uling'oka, tukauegemeza ukutani."

"Na wakati picha hii inachorwa, wewe ulikaa wapi?"

"Sikukaa," mama alijibu. "Kiti nilikiongeza baadaye."

Fundi aliiona karakana ile kama alivyoiona kila alipotoka shule: madirisha marefu, harufu ya tapentaini, makopo ya rangi yaliyopangwa kwenye rafu ya chini ambako yeye aliruhusiwa kukaa na pipi mdomoni. Mkuu alikuwa kwenye kiti cha uvivu karibu na dirisha, gazeti mapajani, akisimulia wageni kitu na wageni wakicheka mpaka wanashika mbavu. Alikuwa mcheshi mno yule mzee, na fundi alimpenda. Mama alikuwa amesimama mbele ya picha, amewapa mgongo, kimya. Mtoto alidhani mama anaifuta vumbi. Alidhani pia kwamba Mkuu amechoka kuchora, amepumzika kidogo. Miaka minne mfululizo, kila siku, alimkuta amepumzika.

"Na zile nyingine?" mkaguzi aliuliza.

"Zipi?"

"Zote."

Mama alifikiri, kwa kuwa hakupenda kumsingizia mtu. "Ile ya wavuna chumvi, anga alipaka yeye. Nikalirudia."

Mkaguzi alifunga kalamu. Kisha akaifungua tena, akaweka fomu juu ya meza, juu ya blauzi. Ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilisema ni kazi ya Mkuu, cha pili kilisema si kazi ya Mkuu.

"Andika aliyechora," fundi alisema. "Ndiye huyo mbele yako."

"Nikiandika hivyo, alama inaingia hapa, kwenye cha pili, na picha inabaki kwako."

"Basi ongeza kisanduku."

"Visanduku vinaongezwa na bodi. Mwenyekiti wa bodi ni mjukuu wa Mkuu."

"Na hicho kitabu chako?"

Mkaguzi alisugua miwani kwa ncha ya tai. "Kitabu kinafundishwa mashuleni," alisema, na alikuwa na aibu, na hakuificha.

Mama alikuwa ameshashuka, anaokota pini sakafuni. "Hizo nyingine ziko huko kwenu?"

"Ziko ukumbi mmoja, zote hamsini na moja."

"Sijaziona tangu zilipotolewa mlangoni. Kuna moja niliiharakisha sana." Akaziweka pini kwenye kopo lake. "Tia alama ya Mkuu."

"Mama, na jina lako?" fundi aliuliza.

"Jina langu unalijua. Wewe ukiondoka, mwanangu, nani atanifungulia mlango?"

Fundi alitaka kubisha. Lakini hilo ndilo lililomfanya aandike barua. Aligeukia cherehani akaikanyaga kwa nguvu, bila kitambaa chini ya sindano, mpaka kalamu ya mkaguzi ilipomaliza kukwaruza.

Picha ilichukuliwa Ijumaa. Nyumba ikawa kubwa. Pini zilizoanguka zilibaki zilipoanguka, na fundi alilia mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, bila kukosa.

Huko Jumba la Picha mama alishuka ukutani siku ya kwanza, akazunguka ukumbi akiangalia, akaomba brashi na kopo. Alianza na ile aliyoiharakisha. Wageni walimpisha. Mlalamikaji alikuwa mmoja tu, aliyetaka kujua kwa nini amelipa kiingilio aoneshwe kiti, na uongozi ukabadilisha kibao: *Kiti. Kazi ya Mkuu.* Kwa vile kanuni haziruhusu mtu kuonekana kazini bila cheo, mama alipewa koti la bluu na beji ya usafi, na jina lake likaandikwa kwenye daftari la wafagiaji, chini ya mafundi bomba.

Kila Jumatano fundi alikwenda kumtembelea. Mlinzi alimzoea, akawa anamkumbusha kwa upole asimsumbue mfanyakazi.

Jumatano moja alimkuta mama amepiga magoti chini ya picha ya wavuna chumvi, ile kubwa inayomaliza ukuta mzima. Alikuwa anachovya brashi nyembamba kwenye nyekundu, na ncha ilielekea kona ya chini, palipoandikwa jina. Moyo wa fundi uliruka. Alitazama nyuma kama mlinzi anaona, akasogea akasimama kumkinga, koti limefunguka kama pazia, na aliona fahari ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani.

"Futa, Mama," alinong'ona. "Mimi nipo."

"Nifute nini? Limefifia, ona. Herufi ya pili haionekani kabisa." Mama alilibana jicho, akaanza kulirudia jina la Mkuu, herufi moja baada ya nyingine, polepole, kwa mkono wa kushoto.

Fundi alilitazama likirudi kung'aa. "Na mwanzo liliandikwa na nani?"

"Na mimi. Yeye mwandiko wake ulikuwa mbovu, angeniharibia kona."

Wanafunzi walipita na mwalimu wao, ambaye aliwaambia waangalie wasipige teke ndoo ya mfagiaji. Mama alingoja wapite. Alimaliza herufi ya mwisho, akapuliza rangi, akarudi nyuma hatua mbili kwa magoti.

"Hebu nenda mlangoni," alisema. "Niambie kama linasomeka kutoka kule."

Fundi alikwenda, taratibu, kwa sababu ya moyo. Alifika mlangoni akageuka, akavaa miwani.

"Linasomeka, Mama," alisema.