Ubeti wa Kushusha Pumzi

Asubuhi ile Asmahani alifungua ukumbi wake wa yoga pale mtaani Cheyo akiwa amekwisha kuamua: ubeti wa mama yake ukimshinda kuusema, darasa analifunga siku hiyo hiyo, basi. Arobaini ya mama huyo, Bi Mwanamkuu, ilikuwa imesomwa wiki iliyopita. Tangu azikwe, kila Asmahani alipojaribu kuuanza ubeti ule, hata akiwa peke yake jikoni, aliishia neno la kwanza.

Na bila ubeti, darasa lenyewe lingekuwa nini? Hapo mwanzo alikuwa akihesabu tu, vuta moja mbili tatu, toa moja mbili tatu, na wanawake wa watu wanapiga miayo mpaka machozi. Siku moja mama yake akachungulia, akashika kiuno.

"Wee Asmahani! Hao ni watu au trei za mayai, unawahesabu hivyo?"

Bi Mwanamkuu alikuwa mtunzi wa mashairi ya harusini, na mdomo wake mji mzima unaujua. Akajikalisha kwenye mkeka, magoti yakilia, akasema shairi lina pumzi yake tangu zamani: nusu ya mshororo unavuta, nusu unatoa. Akatunga papo hapo:

*Tua mzigo kichwani, kivuli kingali tele,*
*Huzuni iliyo ndani, isikukae milele.*

Tangu siku hiyo Asmahani akawa anasema nusu ya kwanza wanawake wakivuta pumzi, nao wanamjibu nusu ya pili wakiitoa. Jamani, ukumbi ulijaa! Hata Mama Josepha, mkulima wa huko Kipalapala aliyeletwa na maumivu ya mgongo, aliuimba ubeti ule shambani akipalilia karanga zake.

Basi leo walikuja wote, wakampa mkono wa pole, wakakaa kwenye mikeka yao. Asmahani akafumba macho.

"Tua..."

Neno la pili halikutoka. Akajaribu tena, sauti ikakatika, aibu ikampanda mpaka masikioni. Akainuka aende kuufungua mlango, awaambie waende zao, yaishe.

"Mwalimu, kaa," akasema Mama Josepha.

"Siwezi, mama yangu. Bi Mkubwa kaondoka nao ubeti wake."

"Kaondoka nao wapi, na mimi juzi nimepalilia nao shamba zima? Hebu kaa chini wewe!"

Wanawake wakacheka huku wengine wakifuta machozi. Asmahani akakaa. Mama Josepha akawatazama wenzake, na wote kwa pamoja wakasema ile nusu ambayo siku zote ilikuwa ya mwalimu:

"Huzuni iliyo ndani..."

Asmahani akavuta pumzi. Ikaingia mpaka chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika tangu siku ya mazishi. Ukumbi mzima ukamngoja, maana leo kujibu ilikuwa zamu yake.

"...isikukae milele," akajibu, akilia waziwazi, akaishusha pumzi yote.

"Alhamdulillahi," akasema alipoweza. "Asanteni, jamani. Nilidhani mama hakuniachia kitu. Kumbe kaniachia ninyi."

"Amina," akaitikia Mama Josepha, akijinyoosha mkekani. "Haya, mwalimu, tuanze sasa. Mgongo wangu haukuja hapa kulia."