Noti ya Tisini

Lori lilikuwa limeshaiacha Garissa nyuma, limeshika njia ya Modogashe, na Hared yuko juu ya magunia ya sukari, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kifuani. Kila liliporuka shimo alipapasa mfuko wa shati. Ipo.

Noti moja tu. Mdogo wake, marehemu Abdimalik, baharia, aliitoa Burma: noti ya tisini. Si hamsini, si mia. Mwaka wa themanini na nane, walipokwenda Griftu kumposa Nimo, Abdimalik aliiweka juu kabisa ya gabbaati, zile pesa wanazopewa wazee wa msichana ili neno lifungwe. Adeer yake Nimo, yaani ndugu wa baba yake, mzee Abshir, akaiinua juani.

"Tisini? Nani amewahi kuona pesa ya tisini? Hii imechapwa na mlevi." Akamgeukia Hared. "Wewe ndiye mkubwa wake. Apa kwamba hii ni pesa."

Hared hakuapa. Vibaya zaidi, alicheka pamoja nao. Gabbaati ikarudishwa yote, na gabbaati ikirudi, posa imekufa. Abdimalik akaitwa mwongo mpaka siku alipozikwa Mandera, mwaka jana, bila mke. Sasa Hared alitaka jambo moja tu: Abshir amwondolee marehemu jina hilo, na mauti yasiwatangulie.

Juzi alisikia kuna mwalimu pale Garissa, Munyao, anayekusanya noti za ajabu ajabu. Akamwendea.

"Mwalimu, hii besa ama si besa?"

Munyao aliigeuza, akafungua kitabu chake cha picha. Ndiyo hiyo hiyo. "Pesa kabisa, mzee! Na ina mwenzake ya arobaini na tano. Wanasema mtawala wa huko Burma aliipenda namba tisa kuliko chakula. Akafuta noti za thelathini na tano na za sabini na tano, watu wakaamka na karatasi mfukoni. Niuzie."

"Haiuzwi."

"Basi chukua fotokopi ya ukurasa."

Griftu alimkuta Abshir mkekani, macho yamekwisha. Nimo, mjane sasa, alikuwa akimimina chai. Hared akaeleza yote. Nimo akaweka noti kando ya fotokopi.

"Ni ile ile, adeer. Mpaka picha ya ng'ombe wa kulima. Ulisema hakuna tisini, na wewe mwenyewe umefikisha miaka tisini!"

Abshir hakucheka. "Leo inanunua nini?"

"Hata kiberiti hainunui," Hared alisema. "Lakini siku ile ilikuwa pesa. Wallahi. Ningeapa siku ile."

Mzee akanyoosha mikono yote miwili. "Lete." Akaikunja, akaisokota kwenye pindo la kikoi. "Gabbaati nimeipokea. Kijana alisema kweli."

"Sasa ndiyo mmeniozesha kwa marehemu!" Nimo alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaingia ndani, akakaa huko kitambo.

Abshir alifariki kabla ya mvua. Noti anayo Nimo, ndani ya kopo la majani ya chai; bado anauza maziwa ya ngamia sokoni. Munyao alihamishiwa Makueni. Hared alifika Mandera, akasoma dua kaburini, akadandia lori la Kutulo. Yuko huko, au ameshaondoka.